Bakuli la Nne

Mnisamehe mwandiko wangu. Kiswahili nilijifunza kukiandika kwenye kambi ya wakimbizi, shule ya msingi, tukiwa tumebanana kwenye benchi moja, na tangu nifike Amerika hakuna mwalimu aliyenidai tena daftari la Kiswahili. Mkikuta herufi imekaa pasipo pake, isogezeni wenyewe, muendelee. Naandika polepole. Nikiharakisha, kile ninachotaka kusema kinanikimbia.

Kilichonikalisha mezani ni jambo dogo. Tunafanya kazi pamoja kwenye ghala moja hapa Fort Worth, na mwenzetu mmoja alikuwa anaacha kazi, basi tukaenda kumuaga Plano, kwenye hoteli ya Wachina wa Shanghai. Mimi si msemaji. Nilipanga kula, kucheka wanapocheka wengine, halafu nirudi nyumbani. Lakini mlango ulipofunguliwa ikanipiga harufu ya siki nyeusi na tangawizi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, pamoja na mvuke wa unga. Nikasimama pale pale mlangoni hadi aliyekuwa nyuma yangu akaniambia, "Sifa, ingia basi."

Katikati ya chakula, Kevo, kijana wa Nairobi anayeendesha forklift, akapigiwa simu. Alichomeka vijiti vyake vya kulia katikati ya bakuli la wali, vikasimama wima, akaanza kuongea. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilivichomoa, nikavilaza juu ya meza, nikasawazisha ule wali kwa kijiko mpaka matundu yakapotea.

"Aah, Sifa! Nilikuwa nime-park hapo tu," Kevo akasema, na meza nzima ikacheka. "Kwani siku hizi wewe ni traffic?"

Nilitaka kumweleza. Nilifungua mdomo, nikaona nyuso zote zimenigeukia, nikasema "pole", kisha nikaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu. Nilichoshindwa kusema pale ndicho ninachowaandikia ninyi mliokuja huku mkiwa wadogo kama mimi. Kevo naye asome, akipenda.

Houston tulifika watatu. Papa, mimi, na mdogo wangu Espoir, ambaye alikuwa bado ananyonya kidole. Mama alibaki kambini, Tanzania. Kwenye vipimo vya mwisho walimkuta na ugonjwa wa kifua, wakasema amalize dawa kwanza, halafu atatufuata. Papa alitaka tungoje wote. Mama alikataa. Namkumbuka amepiga magoti juu ya begi letu ili zipu ifunge, anahema, anamwambia Papa bila kumtazama, "Muende. Miye niko nyuma yenu tu."

Lazima niwaambie jambo moja kuhusu kula kwetu kule, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Kambini, saa ya chakula, mara nyingi mtu mmoja alikuwa kwenye foleni, ya maji au ya unga, na kwetu mtu huyo alikuwa Mama. Basi sehemu yake tuliiweka kando, na juu ya ugali tulichomeka kijiko, kikasimama. Kijiko kikisimama, chakula kina mwenyewe, na mwenyewe yuko njiani. Hata jirani mwenye njaa akiingia akakiona, hagusi. Mimi ndiye niliyekuwa nachomeka. Nilikibana vizuri kisianguke, kwa sababu kichwani mwangu niliona kikianguka Mama atachelewa. Naye alikuwa akiingia na ndoo kichwani, anakitazama kwanza kile kijiko kabla ya kututazama sisi, anasema, "Eh, nilifikiri mumenisahau."

Houston tuliwekwa Sharpstown, kwenye fleti za ghorofa mbili ambako ngazi zilinuka sabuni ya kufulia na vitunguu vya kila taifa. Papa alipata kazi kwenye kampuni ya mboga za Kichina. Alipanda lori na dereva, wakazunguka hoteli za barabara ya Bellaire, akishusha makatoni ya kabichi ndefu, tangawizi, na uyoga. Kwa hiyo hoteli zile alizijua kwa mlango wa nyuma. Jumapili, baada ya kanisa, alivaa lile lile koti lake la ibada akatupandisha basi, akatuingiza kwa mlango wa mbele.

"Papa, si tulikula kwa Wachina Jumapili ile?" nilimuuliza mara ya pili.

"Wale walikuwa wengine."

"Wengine namna gani? Wote Wachina."

"Mtu wa Bukavu na mtu wa Lubumbashi wanapika sombe moja?"

"Hapana."

"Bon. Keti."

Nilipomuuliza kwa nini tusikae na moja tuliyoizoea, alijibu kama jambo la kawaida kabisa, "Natafuta mahali pa kumleta mama yenu akifika. Siku yake ya kwanza ya kula inje. Haiwezi kuwa mahali popote tu."

Mimi neno hilo nililibeba vibaya. Nilielewa kwamba Mama hajaja kwa sababu hatujapata hoteli. Niliona kama kuna watu mahali fulani wanaomshikilia mpaka Papa aseme tumepata, ndipo wamwachilie. Kwa hiyo kila tulipoketi, mimi nilianza kusifu kabla sijameza. "Hii ni nzuri, Papa. Tuchague hii." Papa alicheka, akasema nina tumbo kubwa kuliko miaka yangu. Hakujua kwamba nilikuwa nafanya kazi.

Tulianzia kwa watu wa Sichuan. Sahani ilikuja nyekundu tupu, nyama imejificha ndani ya pilipili kavu, na kulikuwa na punje ndogo ambazo ukizitafuna ulimi unakufa ganzi. Espoir alishika mashavu yake kwa mikono miwili, akalia kwa Kiingereza chake kipya, "Papa, my mouth is broken!" Mimi machozi yalinishuka mpaka kidevuni, na bado nikasema ni nzuri, tuchague. Papa alitikisa kichwa. "Hapa hapana. Na kifua chake? Atakohoa mpaka Ijumaa."

Tukaenda kwa watu wa Kantoni, ukumbi mkubwa kama kanisa, ambako kina mama walisukuma matoroli yenye vikapu vya mvuke katikati ya meza, wakiita vyakula kama watu wa sokoni. Papa alifurahi kukuta miguu ya kuku. "Ona, hata hawa wanajua!" Lakini kutoka pale alisema kelele ni nyingi, Mama ataondoka na kichwa kinamuuma. Tukaenda kwa wale wa kaskazini wanaovuta tambi kwa mikono, kijana anaupiga unga mezani, pa! pa!, mpaka unakuwa nyuzi. Supu ilikuwa ya kondoo, tamu. Nilijua safari hii tumepata. Papa aliinua tambi moja, ikapanda, ikapanda, haikwisha.

"Anaona haya," akasema. "Mama yenu hawezi kuvuta chakula namna hii mbele ya watu."

Siku hizi nafikiri kwamba Mama nilimjua zaidi kwenye hoteli zile, kwa mambo ambayo Papa aliyakataa kwa ajili yake. Sikujua kwamba anaona haya. Kumbe mimi nimetoka kwake.

Hoteli ya Shanghai ilikuwa ndogo, imebanwa kati ya saluni na ofisi ya kodi. Karibu na mlango alikaa mwanamke mzee mwenye sweta la kijani, akikunja vitambaa vya mezani, na mjukuu wake, msichana aliyenipita kidogo kwa umri, ndiye aliyeleta chakula, maana bibi yake Kiingereza kilimpiga chenga. Espoir alimpa bibi jina siku ile ile: Nyanya wa Siki, kwa sababu alikuja mwenyewe na birika dogo la siki, akamimina kwenye visahani vyetu bila kuuliza.

Walileta kikapu cha mvuke. Ndani kulikuwa na vifuko vyeupe vya unga, vimefinywa juu kama mdomo wa mfuko wa chumvi. Papa alitia kimoja chote mdomoni, akauma, na supu ya moto ikamruka mpaka kwenye tai. Ilikuwa supu, ndani ya unga! Espoir alipiga meza kwa kicheko. "Waliingizaje?" nikauliza. Papa alijipangusa, akacheka mwenyewe, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kambini. Kisha ikaja nyama ya nguruwe ya rangi ya kahawia, ina utamu kidogo, laini kiasi kwamba kijiti kilipita katikati bila kusukumwa. Papa alitafuna polepole. Akatazama kiti cha nne, ambacho kilikuwa kitupu.

"Haina pilipili," akasema. "Haihitaji meno. Supu itamfungulia kifua." Akaweka vijiti chini. "Ni hapa."

Mwili wote ulipata joto. Papa amesema, basi tumemaliza. Niliomba bakuli la nne la wali, nikaliweka mbele ya kile kiti, nikachukua vijiti viwili, nikavichomeka katikati. Nilivibana vizuri visianguke. Vilisimama wima, vizuri kuliko kijiko chochote cha kambini.

Nyanya wa Siki aliinuka ghafla hata vitambaa vikamwagika. Alikuja haraka kuliko nilivyodhani miguu yake inaweza, akavichomoa vile vijiti huku akisema neno moja mara nyingi nyingi, akavilaza mezani. Uso wake ulikuwa na hofu, lakini mimi niliona ukali. Nikavichukua, nikavisimamisha tena. Akavichomoa tena, safari hii akaushika mkono wangu.

"Please, not like that," mjukuu akaniambia kwa sauti ya chini. "Grandma doesn't like it."

"Ameketi nani pale?" Hilo swali la bibi nililijua bila mkalimani, kwa kidole chake kilichoelekea kwenye kiti.

"My wife," Papa akasema. "She come. Soon."

Niliondoka pale na chuki kubwa. Nilielewa kwamba yule bibi amemkatalia Mama kiti, baada ya sisi kuhangaika kote kule. Kwenye basi nilimwambia Papa turudi kwa watu wa tambi.

"Umekasirishwa na nini?"

"Hataki Mama aje."

"Nani amesema? Labda kwao wali hauchezewi. Hata mimi nikiwa mtoto nilichapwa kwa kuchezea ugali."

Jumapili iliyofuata alitupeleka pale pale, nami nikakaa nimefunga mikono. Kisha nikaona jambo. Nyanya wa Siki alikuja na mabakuli manne, bila kuombwa. La nne aliliweka mbele ya kiti kitupu, akamimina chai kwenye kikombe cha pale, na vijiti akavilaza juu ya kigogo kidogo cha udongo, ubavu kwa ubavu. Pembeni aliweka kijiko cha chuma. Akanitazama. Nilichukua kijiko, nikakichomeka kwenye wali huku namtazama na mimi, nikingoja aruke. Alikaza midomo. Alifikiri. Kisha akaniachia kijiko changu, akarudi kwenye kiti chake.

Ikawa hivyo. Tukiingia anamuuliza Papa, "Soon?" na Papa anajibu, "Soon." Mwishoni wali wa Mama tulifungiwa kwenye kiboksi, mimi nakula kesho yake kabla ya shule, baridi, na nilikuwa nasema moyoni kwamba nakula kwa niaba ya Mama ili siku yake isiharibike. Kwa simu Mama alitaka kusimuliwa. "Supu ndani ya mkate?" alikuwa anasema, na kikohozi kinamkata. "Sifa, unanidanganya." Mara dawa zilikuwa zimekwisha lakini karatasi za safari zimepitwa na wakati, vipimo virudiwe. Mara vipimo vimerudiwa na kifua kimerudi. Papa alinieleza kila mara, na kila mara mimi niliwaza: mbona hoteli tumeshapata?

Mama alifariki mchana wa siku ya kazi. Niliporudi kutoka shuleni nilikuta viatu vingi mlangoni, na kina mama wa kanisa wameketi chini kwenye kapeti la fleti yetu, kanga viunoni. Papa alikuwa kati yao na fulana yake ya kazini, na jani la kabichi limeganda begani. Hakuna aliyekuwa amelitoa. Nilikwenda nikalitoa, na hapo ndipo aliponishika na kuniambia. Mazishi tuliyaona kwa simu ya mjomba, picha inakwama, inaendelea, inakwama. Espoir aliuliza kwa nini Mama hatuongeleshi.

Jumapili kadhaa hatukwenda popote. Papa alipika wali unaoshika chini, tukaula hivyo hivyo. Kisha siku moja, baada ya ibada, Espoir aliona basi letu linakuja, akakimbia mbele kama zamani, akapanda. Papa alisimama kidogo. Akapanda naye.

Nyanya wa Siki alifurahi kutuona. Alikuja na mabakuli yake manne, akayapanga, akamimina chai. "Soon?" akauliza.

Papa alitikisa kichwa, mara moja tu, akauficha uso kwa kiganja.

Yule bibi alisimama na birika mkononi. Alilichukua bakuli la nne, pamoja na kijiko, akaenda nalo jikoni. Nikawaza, basi, amemwondoa Mama, na safari hii sikuwa na nguvu ya kukasirika. Lakini alirudi. Alilishika bakuli jingine kwa mikono miwili, kubwa zaidi, wali umejaa mpaka juu kama kilima, unafuka. Aliliweka mbele ya kiti. Alichukua vijiti viwili, vipya, akavichomeka yeye mwenyewe katikati ya ule wali, vikasimama. Kisha akarudi nyuma hatua, akainamisha kichwa mbele ya kiti kitupu, na mjukuu wake akaacha sahani alizobeba, akainama naye.

Espoir alivitazama vile vijiti. Yeye hakuwa amesahau mambo ya kwetu. Uso ulimfunguka wote, akageuka kwenye kiti akauelekea mlango.

"Papa!" akasema. "Mama yuko njiani!"

Papa alitoa sauti ambayo sitaiandika. Mimi nilikuwa mkubwa wa kutosha kujua tuliyemzika, na mdogo wa kutosha kugeuka na mimi. Niligeuka. Tulitazama mlango wote wawili, mimi na mdogo wangu, na watu wa meza nyingine wakaacha kula.

Mjukuu ndiye aliyenieleza baadaye, nje, tukingoja basi. Kwao bakuli la wali lenye vijiti vilivyosimama huwekewa mtu aliyekufa. Kwa aliye hai havisimamishwi hata kwa mchezo. Nilimuuliza, "Hata kwa anayekuja?" Akasema, "Hasa kwa anayekuja." Basi nikaelewa kwamba siku ile ya kwanza bibi yake hakumkatalia Mama kiti. Alikuwa anamchomoa Mama kutoka mahali nilipomweka mimi, na mimi nikawa namrudisha, naye akamchomoa tena. Nilikaa na hilo siku nyingi, silali, mpaka Papa akanibana nimwambie. Alisikiliza mpaka mwisho. "Sifa," akasema, "Mama yako ameuawa na kifua na kungoja. Wali haujaua mtu." Namwamini. Hata hivyo, mkono wangu haujawahi kumwamini kabisa, na Kevo ameona.

Ile hoteli ya Bellaire sasa ni duka la kutengeneza simu. Nilipita nilipokwenda kumwona Papa, nikachungulia, hata harufu imekwisha. Nyanya wa Siki sijui alikwenda wapi, wala kama yuko hai. Kuna siku nawaza ni nani anayemsimamishia yeye vijiti, na nikiwaza hivyo najikanya, nisije nikamwekea kabla ya wakati. Espoir amekuwa mrefu kunizidi. Sura ya Mama haikumbuki, amekiri mwenyewe, anaijua kwenye picha tu. Lakini tukienda kula nje, popote pale, lazima akae kwenye kiti kinachotazama mlango. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "I don't know. I just like it."

Sasa nimemaliza, na mkono unaniuma. Ninyi mnaosoma, nina ombi. Kwenu, mtu asipokuwepo saa ya kula, mlimwekeaje chakula chake? Mlifunika kwa sahani, mlichomeka kitu, mlisema neno gani? Na alipokuwa hatarudi tena, nani aliyekitoa kile chakula mezani, na alikitoaje? Niandikieni, hata mistari miwili, hata kwa mwandiko mbaya kuliko huu wangu. Mimi nitamjibu kila mmoja, polepole.